Picha Mbili za Ardhi Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika. Chumba cha wageni nyuma ya hospitali — kitanda kimoja, viti viwili. Kesho tunapigilia pini za chuma ardhini, tunapitisha umeme, tunapima unavyopita. Kwenye mwamba mkavu unagoma; penye maji unateleza. Kazi ndiyo hiyo. Tunapigilia, tunapima — mimi na nani? Mimi na vibarua wawili wa hapa. Tumemzika Pacha, mwenzangu wa kazi, lakini ulimi bado unasema "sisi".

Jumanne, 4 Machi
Siku nzima juani na kebo. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuja kutazama. Wodi ya wazazi inaendeshwa kwa ndoo, kasema. Mtu anajifungua huku mama mkwe wake yuko foleni bombani. "Mwanangu, nitafutie maji tu, mengine niachie mimi." Kisima tutakachochimba ni kimoja tu. Mtambo wa kuchimba unakuja Ijumaa, na ukiondoka haurudi. Kisha akanionya nisikanyage maua yake. Anayamwagilia kwa maji ya kunawia, mwenyewe, kila siku! Nilicheka. Mara ya kwanza tangu nije.

Nimekula peke yangu, nimesimama.

Jumatano, 5 Machi
Vipimo tumevichukua juu. Kilicho chini kompyuta inakikisia. Unaipa ardhi ya kubuni, inahesabu umeme ungepitaje humo, inalinganisha na vipimo, inarekebisha ardhi, inarudia mpaka vikaribiane. Leo imetoa picha. Doa kubwa la buluu, chini kabisa, karibu na geti. Maji! Nimeruka kama mtoto. Nikageukia kiti cha pili nimwonyeshe — nani? Nikalia kidogo. Upweke mwingine hauna hata adabu, unakuvamia kwenye furaha.

Nimepigilia kigingi pale getini, alama ya pa kuchimba. Matroni kanikumbatia hadi kofia yake ikaanguka.

Alhamisi, 6 Machi
Roho haijatulia. Sheria yetu na Pacha: kila mtu apike picha yake, hakuna kuchungulia, halafu tulinganishe. Zikikubaliana, tunachimba. Zikikataana, tunagombana mpaka chai ipoe. Mimi huanza na ardhi yenye maji, yeye alianza na ardhi kavu kama mfupa. Nilimwita mkosi. Alinijibu: "Dada, mahali ambapo kompyuta haioni kitu, inakurudishia ulichoipa."

Leo nimejifanya yeye. Vipimo vilevile, nimeanza na ardhi kavu.

Doa la getini halipo. Limefutika! Na picha zote mbili zinaafikiana na vipimo sawasawa. Maana yake umeme wangu haukufika kina kile. Lile doa lilikuwa hamu yangu, basi.

Ila kuna ufa mwembamba wa buluu, haujaenda chini sana, na uko katika picha zote mbili. Jana niliudharau. Unapita chini ya bustani ya Matroni. Maua, jamani!

Nimempigia bosi. Kasema kigingi kikae palepale, watu wameshafurahi, nisiwatie wasiwasi. Kwake rahisi, hatakunywa maji ya hapa. Nilitaka kumpigia Pacha. Namba yake sijaifuta. Nimeitazama, nimezima simu.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika ndani ya gari. Mtambo umefika, uko getini, mnara umeshasimama. Nimeng'oa kigingi mbele ya fundi na vibarua.

Fundi wa mtambo kashika kiuno. "Dada, hili dude si mkokoteni. Tulihamishie wapi?"

Nikamwonyesha kwenye maua. Akapiga mluzi.

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini pale tumekubaliana wawili."

Akatazama gari, akatazama nyuma yangu. "Wawili nani?"

Nimemwambia anisubiri kidogo, nimejifungia humu. Kigingi kiko mapajani, kina udongo mkavu wa getini. Namkosa yule mkosi, namkosa kweli. Nikikosea leo nimekosea peke yangu — na wale kina mama watabaki na ndoo zao.

Fundi anagonga kioo. Nyuma yake Matroni katoka wodini na ndoo ya maji ya kunawia, anaelekea bustanini. Kaniona. Ananipungia mkono, anacheka. Hajaambiwa bado kuhusu maua yake —