Mshipa Chini ya Leso

Mama, habari za Bumula? Sisi tuko Kitale, na leo tumeshinda.

Mjukuu wako Wafula alianza kuharisha tukifika tu kwa shangazi yake, hata kulia akaacha. Hospitalini nesi akatafuta mshipa wa kuwekea dripu, akadunga, akakosa. "Mtoto amenona sana, mishipa imejificha," akasema. Nikakumbuka uji wako wa wimbi unaomlisha na vile unavyojisifu nao kanisani.

Nesi akaitisha simu yangu, hii mulika mwizi yenye tochi. Lakini jua la dirishani lilikuwa kali, hakuona kitu. Basi kina mama wa wodi wakafungua leso walizojifunga kiunoni, wakazitandaza juu ya kitanda mpaka pakawa giza. Tochi ikawekwa chini ya kiganja, mkono ukawaka kama kaa la moto, na mshipa ukajitokeza mweusi kama uzi. Sindano ikaingia mara moja. Wafula akalia kwa nguvu, wodi nzima ikapiga vigelegele.

Sasa ananyonya. Mungu akutunze, Mama. Uji pika ule ule. Akinona tena, leso tunazo.

Binti yako,
Nekesa