Kabati Linapanda Ngazi

Ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani,
Jumapili, mvua ikinyesha.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute mzima wa mwili na roho. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unaipaka, au umewawekea wageni akiba kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, na ukimwambia avae skafu anajifanya kiziwi. Mwanao Chiriku haumwi kitu, ila mdomo ndio haupumziki.

Barua yako niliipata, Dada, na najua nimechelewa kujibu. Uliniuliza jambo moja tu, bila kuzunguka: mwanetu uliyemzaa anaoa mvua zikiisha, hana pa kumweka mkewe, na vile vyumba vyetu viwili vya uani vimefungwa tangu tulipoondoka. Je, tunarudi, au avichukue? Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu miguuni, nikaikunja barua, nikaenda nayo kazini. Nimekuwa nikienda nayo kazini tangu siku ile.

Bado niko kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yangu ni kukunja shuka. Tunakunja wawili wawili: wewe unashika ncha huku, mwenzako kule, mnakung'uta, mnasogeleana, mnakutana, mnaachana. Mvuke unajaa hadi simwoni mwenzangu uso, naona mikono tu. Basi humo ndimo ninamoota, Dada, macho yakiwa wazi. Shuka ikipanda juu naona pazia la chumba chetu. Naona ile sakafu nyekundu iliyopigwa nta, na jua linavyoingia kwa dirisha la nyuma na kufika mguuni pa kitanda. Hata wewe nakusikia, unamfokea kuku. Mwenzangu akivuta ncha ndipo nashtuka, naomba radhi, tunaendelea.

Shemeji yako naye, kama ujuavyo, ni fundi lifti. Anashinda kati ya ghorofa na ghorofa, kichwa kimezama ndani ya mitambo. Kila mwaka nikimwuliza tunarudi lini, jibu lake ni "mwakani, Mungu akipenda." Wala hasemi uongo, anaamini kabisa. Ndiyo maana humu ndani tuna sheria ambayo sijawahi kukwambia, maana ungecheka: kisichoingia sandukuni hakinunuliwi. Hatuna meza. Viti ni vya kukunja, magodoro ya kukunja, nguo zote zinakaa kwenye masanduku yaliyopangwa ukutani, na asubuhi ukitaka soksi unafungua zipu. Chiriku amezaliwa humu na anadhani ndivyo watu wote wanavyoishi.

Sasa sikiliza kituko. Chini yetu anakaa bibi mmoja, zamani alikuwa akifundisha kinanda, mtu wa watu asiye na makuu. Mwezi uliopita alipanda kuja kuazima bisibisi. Akasimama mlangoni, akaangaza macho: masanduku ukutani, magodoro yamekunjwa, kuta tupu. Akachukua bisibisi, akashuka. Kesho yake jioni akarudi na keki kubwa, macho mekundu, akatukumbatia mmoja mmoja akitutakia safari njema.

Tulipaswa kumwambia pale pale kwamba hatuendi popote. Lakini si unatujua sisi? Umwaibishe mtu mzima na keki yake mkononi? Shemeji yako akasema asante sana, Bibi. Na mimi nikasema asante. Keki tukaila kimya kimya, nayo ilikuwa tamu kweli. Kuanzia hapo tukawa tunapita mlangoni kwake kwa kunyata, viatu mkononi, watu wazima na akili zetu. Tungepita kwa lifti, lakini lifti ya jengo hili ilikufa zamani, na fundi wetu haruhusiwi kuigusa kwa sababu si ya kampuni yao.

Haikuchukua muda, tukakutana naye ngazini ana kwa ana, amebeba mfuko wa viazi. Alituangalia kama walioaga dunia wakarudi. "Bado mpo? Kwani mnaondoka lini?" Kabla sijafungua mdomo, Chiriku akadakia: "Tunaenda wapi, Bibi? Sisi si wa hapa hapa?" Dada, alisema bila hata kufikiri, huku analamba kidole. Bibi akaweka viazi chini, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mimi nilipanda juu, nikajifungia bafuni, nikalia.

Nilipomsimulia shemeji yako, hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akaniomba barua yako, akaisoma tena polepole. Jumamosi akatoka asubuhi bila kusema aendako. Mchana nikasikia vishindo. Nikachungulia: kabati la mbao, milango miwili, zito ajabu, muuza miwani analivuta kwa juu na shemeji yako analisukuma kwa chini, wote wanahema. Bibi akafungua mlango wake mbio, mkono kifuani: "Jamani, ndiyo mnahama leo?" Na Chiriku kutoka juu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Bibi, halishuki hilo! Linapanda!"

Nilikasirika, sikufichi. Nilimtolea uvivu: jambo kubwa kama hili unaliamua peke yako? Akanijibu taratibu, jasho likimtiririka. "Sijaamua kitu. Ukilikataa nalishusha mwenyewe, leo leo. Ila mimi nimechoka kusema mwakani." Kisha akamshika Chiriku mkono, wakaenda kutembea, wakaniacha na kabati katikati ya chumba.

Nilikaa chini mbele yake, milango iko wazi, harufu ya mbao imejaa chumba. Nje mvua ilikuwa imeanza na mwanga umekuwa wa kijivu, ule usiokwambia kama ni asubuhi au jioni. Nikafumba macho nivione vyumba vyetu kama ninavyoviona kazini. Nikaviona vyote, sakafu, dirisha, jua. Kisha nikamtafuta Chiriku humo ndani. Nilimweka kitandani, hakukaa. Nikamweka dirishani, hakukaa. Halafu nikamsikia anacheka, na kicheko chenyewe kilitoka huko chini, ngazini, wanarudi wamelowa. Nikainuka, nikafungua zipu ya sanduku la kwanza, nikaanza kutundika nguo.

Basi, Dada, jibu ndilo hilo. Hatujawatupa, na likizo tutakuja Mungu akitujalia. Lakini vyumba mpe mwanetu. Ufunguo niliondoka nao, na tukisema nikuletee tutamchelewesha bwana harusi bure. Mwite fundi akate kufuli. Kitanda wakikitaka ni chao, na kuta wapake rangi waipendayo. Usidhani naandika haya kwa wepesi. Roho inaniuma, nimesimamisha kalamu mara nyingi.

Nisalimie bwana harusi na mchumba wake, Shangazi, na Mjomba Kofia kama bado anabishana na redio. Chiriku anamsalimu Mama Mkubwa wake na anauliza kama kuku ana jina. Mungu aijaze nyumba hiyo amani, na wajukuu wa kukukimbiza na goti lako hilo hilo.

Nina ombi moja tu. Siku nikija, usiniache nipite moja kwa moja mpaka uani kama zamani. Nitasimama nje ya mlango, nipige hodi, nami nataka mke wa mwanetu ndiye aniambie karibu.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,

Kitinda