Sindano Iliyoniunguza Kidole

Kibondo, Jumapili, 8 Machi. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke Rungwe Mpya.

Mjukuu wangu Leokadia,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mgongo unauma, lakini mabegi ya shule bado nashona. Mwambie bibi yako kikohozi kimepona.

Unauliza kama uache ufundi, kwa kuwa uzi unakukatikia na fundi wako anasema una mkono mbaya. Usiache. Nilipokuwa kijana Kasulu nilipewa cherehani ya umeme, nikaikimbiza ili niwashinde wenzangu. Uzi wa nailoni ukawa unakatika kila begi.

"Bwana jembe, rudi shambani!" wakanicheka.

Nilikasirika, nikasimamisha mashine, hapohapo nikafungua sindano nimrudishie fundi aliyekuwa akinifundisha, niende zangu. Ikaniunguza kidole. Nikautazama uzi: ncha yake ilikuwa na kidonge kigumu, kama plastiki iliyopita motoni. Kumbe mwendo uliipasha sindano moto, na sindano ikayeyusha uzi. Nikapunguza mwendo, uzi ukaacha kukatika, nikabaki.

Ukipata barua hii, itazame ncha ya uzi wako, kisha mwonyeshe fundi. Mimi narudi Juni, maharage yakikomaa. Nikukute bado unashona.

Babu yako