Nakala kwa Wote Wanaohusika

Hyattsville, Maryland
14 Oktoba 2005

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini shinikizo la damu limetulia, na Paroko ameanza tena kukusalimia baada ya ile barua yako kuhusu kengele. Huku tu wazima. Mjomba Gervas amepandishwa cheo kwenye ghala kule Landover. Sasa anaamrisha watu wanne, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Ulinifundisha kwamba jambo zito halipelekwi kwa simu, kwa kuwa kwenye simu mtu hupayuka na kwenye karatasi hufikiri. Hili nimelifikiria mwaka mzima. Mama, nacheza mpira wa magongo. Si ule wa kwenye majani. Ni wa barafuni. Tunavaa viatu vyenye kisu chini ya soli na kugombania kisahani kigumu, upana wake kama kitumbua. Mimi ni kipa. Aliyenivuta ni Mumbi, Mkenya ninayesoma naye famasia. Aliniambia kipa si lazima ajue kukimbia, ila asiogope kurushiwa vitu. Nikamwambia nimelelewa na mwalimu anayerusha chaki.

Sisi wasichana ni klabu tu. Wavulana ni timu rasmi, chuo kinawapa uwanja, kocha na basi. Sisi tunakodi uwanja saa kumi na moja alfajiri, na mwakani hata saa hiyo mwenye uwanja ameshawapa wengine. Mwisho wa Januari Kamati ya Michezo itapiga kura kama wasichana nao wawe timu rasmi. Wakikataa, klabu imekufa.

Mjomba alivikuta vifaa vyangu chini ya ngazi akadhani nimejiunga na jeshi. Amenipa wiki mbili nikwambie, la sivyo atakwambia yeye.

Naomba baraka zako. Na nakusihi, Mama: barua hii iwe yangu na yako. Isiwe na nakala.

Binti yako,
Violet


Bukoba
2 Novemba 2005

Kwa Violet,

Marahaba. Shinikizo lilikuwa limetulia mpaka saa nne asubuhi ya leo, tarishi alipoleta barua yako.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama mwalimu wa historia, mara ya tatu nimesimama. Nakujibu kwa hoja, maana matusi nimemwachia Gervas, ambaye ana mtoto wa mtu nyumbani kwake kwa mwaka mzima na hajui anavaa nini miguuni.

Kwanza, meno. Yako thelathini na mawili, nami niliyalea kwa maziwa na kwa kukunyima pipi. Sikuyalea yaje yaokotwe kwenye barafu na watu nisiowajua.

Pili, nimesoma historia ya Misri, ya Rumi, ya China na ya falme zetu za hapa. Sijakuta taifa lililoendelea kwa kuteleza.

Tatu, unasoma famasia. Kazi ya mfamasia ni kumtibu aliyeumia, wala si kumtafuta.

Nne, barafu kazi yake ni kuhifadhi samaki. Atakayepinga hili aje Bukoba, nitamwonyesha.

Najua kuna watakaosema Mwalimu Honorata amegeuka. Yule aliyefunga geti la shule siku tatu mpaka wasichana wakapewa maabara, leo anawazuia wasichana kucheza. Hao nawajibu mapema. Mimi nataka wavulana nao wafutiwe upuuzi huu! Lakini kama chuo kinaweza kugandisha maji kwa ajili ya wavulana, hakina haki ya kuwaambia wasichana kwamba maji yamekwisha. Ama wote wateleze, ama wote wakae chini wasome. Mimi nachagua wasome.

Ni mimi mama yako,
Honorata

Nakala:
Mkuu wa Chuo
Mwenyekiti, Kamati ya Michezo
Balozi wetu, Washington
Paroko
Gervas
Jalada


Hyattsville
18 Novemba 2005

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima wa mwili. Roho bado inatafutwa.

Nakala zako zimefika. Zote. Kutoka ubalozini mtu alimpigia Mjomba kazini kumuuliza kama kuna raia aliyekwama kwenye barafu.

Pale chuoni hakuna aliyeweza kuisoma, maana umeandika Kiswahili kitupu. Mjomba alisema ungewahurumia kwa aya moja ya Kiingereza. Nikamwambia hakujui. Basi katibu wa Kamati akatafuta kwenye orodha mwanafunzi anayejua Kiswahili. Mama, kwenye orodha yao nipo peke yangu. Wakenya hawakujaza hiyo sehemu, Mumbi anasema waliogopa kupewa kazi.

Nikaitwa kikaoni, watu tisa kwenye meza ndefu, nikapewa barua yako niwasomee kwa Kiingereza. Mwenyekiti ni profesa wa uchumi, mzee mwenye masikio makubwa. Akaniuliza kama namfahamu mwandishi. Nikasema, kidogo.

Mumbi alikuwa nyuma yangu, amekuja kama nahodha. Nilipofika kwenye meno akanifinya. "Wewe, ruka hiyo! Waambie mum anasalimia tu!" Nilipofika kwenye samaki akasema, "Violet, bana, si utatumaliza!" Ningeweza kuruka. Hakuna ambaye angejua. Lakini mwandiko ni wako, Mama, nikahisi unaniangalia kutoka kwenye ile nukta uliyoikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Nikasoma yote. Kwenye mataifa yaliyoendelea bila kuteleza walicheka, mmoja akavua miwani kufuta machozi. Mumbi alikuwa amelaza kichwa juu ya meza.

Ndipo nikafika kwenye maji ya wavulana na maji ya wasichana. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, polepole, akawa anaandika.

Sasa wana maswali mawili. La kwanza, je, unaruhusu sentensi hiyo iingizwe kwenye taarifa yao? La pili, barua yako ihesabiwe ya kupinga au ya kuunga mkono? Walibishana robo saa wakashindwa. Wamesema wakuulize. Mpaka sasa wamegawanyika, Mama, wanne kwa wanne, na mwenyekiti hajasema.

Nilikuomba isiwe na nakala.

Violet


Bukoba
5 Desemba 2005

Mpendwa Violet,

Marahaba. Mimi mzima, na migomba imezaa vizuri. Nakutumia senene waliokaangwa. Mgawie na huyo Mumbi, ingawa alitaka kunikata ulimi mbele ya maprofesa.

Waambie hivi. Ruhusa ya sentensi moja sitoi. Kuchomoa sentensi kwenye hoja ni sawa na kuchomoa jino kwenye mdomo, na suala la meno nimeshalieleza. Waichukue barua nzima, na Rumi yake na samaki wake, au waiache.

Kuhusu swali la pili: huo mchezo naupinga. Upendeleo naupinga zaidi. Kama watu tisa wenye shahada hawajui kumhesabu mtu anayepinga mambo mawili kwa wakati mmoja, wanitafutie nafasi kwenye hiyo Kamati.

Sasa jambo dogo, la udadisi tu. Kipa anavaa nini usoni? Eleza kwa maneno: ni chuma au plastiki, inafika wapi, inafungwaje nyuma. Usinitumie picha unayocheka.

Kuhusu nakala, ndivyo ninavyoandika. Barua isiyo na nakala hukataliwa kwamba haikufika.

Mama yako,
Honorata

Nakala: kama za awali, isipokuwa Balozi, ambaye ameomba apumzishwe.


Hyattsville
4 Februari 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo sana. Senene waliisha siku moja, nusu kala Mumbi kwa kisingizio cha kuonja.

Tumeshinda! Tano kwa nne. Barua yako imeambatishwa nzima kwenye taarifa, pamoja na orodha ya nakala, hivyo Paroko wetu sasa yumo kwenye kumbukumbu za chuo cha Marekani. Mwenyekiti alisema hajawahi kusadikishwa na mtu aliyekuwa akijitahidi kiasi hicho kumsadikisha kinyume. Kuanzia msimu ujao sisi ni timu rasmi. Mjomba alikuja mazoezini akapiga kelele "Daka!" mpaka wakamwomba akae.

Uliuliza kuhusu uso. Ni nondo za chuma, nyembamba, kuanzia paji la uso hadi chini ya kidevu, na kofia ngumu inayofungwa nyuma kwa mikanda. Mwaka mzima golini sijapoteza hata kipande cha jino.

Ninalotaka kusema baada ya hapo nimelizunguka kwa siku tatu. Jumanne theluji ilianguka, ngazi za mlangoni kwa Mjomba zikaganda. Nilikuwa natoka kwenda maktaba, nimekumbatia vitabu vitatu vya kemia. Niliteleza ngazi ya pili. Jino la mbele, la juu, upande wa kushoto.

Vitabu viko salama.

Nakwambia mwenyewe kabla Mjomba hajakwambia. Mpelekee Paroko nakala ukipenda.

Binti yako,
Violet


Bukoba
1 Machi 2006

Violet mwanangu,

Marahaba, na hongera. Habari za jino nimezipata. Niliketi nalo moyoni siku nzima nikitafuta wa kumshutumu, nikakuta ni vitabu vya kemia, ambavyo nilikuamuru mimi kuvisoma.

Sasa sikiliza. Kalisti, yule niliyemfundisha, aliyekuwa akilala somo la Vita vya Majimaji, leo ni msimamizi kwenye kiwanda cha samaki. Leo ni Jumatano ya Majivu. Nilitoka misani moja kwa moja, na majivu kwenye paji la uso, nikamwambia nataka kuona chumba cha barafu. Akadhani nimekuja kuandika barua kuhusu usafi. Nikamwambia afunge mlango.

Sakafu imeganda kabisa mle. Nilikuwa na viatu vyangu vya misa. Nilitaka kujua tu kitu gani kinamtoa binti yangu kitandani saa kumi na moja alfajiri. Nilipiga hatua mbili. Ya tatu sikuipiga mimi. Nilikaa chini, katikati ya sangara, kwa kishindo ambacho Kalisti ameapa kwa mama yake mzazi kwamba hakukisikia.

Nikanyanyuka. Nikaanguka tena. Mara ya tatu, Violet, niliteleza kutoka kwenye mzani mpaka mlangoni, nimesimama, mikono hewani, na nilicheka kwa sauti ambayo sijui ilikuwa wapi miaka yote hii.

Napaka dawa ya kuchua. Gervas akikuuliza, mwambie mgongo ni wa uzee.

Najua yapo mengine uliyonificha. Niandikie. Na tarehe ya mechi ya kwanza uitaje.

Mama yako,
Honorata

Nakala: hakuna. Hata ya jalada.