Sikuchimba Kaburi la Mtu

Hässelby, Stockholm
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Mwadime,

Nimeambiwa u mzima na unakula vizuri, kwa hivyo hilo sikuulizi. Ninayemuulizia ni Mama. Kifua chake kimetulia? Baridi ya Wundanyi ya miezi hii naijua, na najua pia kwamba hana tena ile sweta nzito ya kijivu niliyomtumia Krismasi, kwa sababu wewe uliichoma. Mkawasi amenieleza yote kwa simu huku akilia. Usimgombeze mdogo wetu. Mimi ndiye niliyemlazimisha aseme.

Amenieleza jinsi ulivyotumiwa picha na Mama Tito wa huku Stockholm, uliyesoma naye Voi, ukaenda saiba ukaichapisha kwa rangi, kisha ukaita kikao nyumbani. Picha ikapita mkono kwa mkono: mimi nimepiga magoti kando ya makaburi ya Wazungu, mkono umezama chini ya jiwe. Ukawaambia watu kwamba Wakesho amejiunga na wachawi wa Ulaya, sasa anafukua maiti. Ukamkataza Mama kupokea simu zangu. Ukatoa nje sweta na blanketi nililomtumia, ukamwaga mafuta ya taa. Mwalimu mkuu mzima! Na hukunipigia hata mara moja uniulize, "Dada, ulikuwa unafanya nini pale?"

Basi nakujibu swali ambalo hukuuliza.

Unajua nafanya kazi katika nyumba ya wazee huku Hässelby. Kati ya wazee ninaowahudumia yuko mmoja anaitwa Lennart, ana miaka themanini na kitu, na kisukari kimemmaliza miguu. Ujana wake wote aliumalizia Australia akiendesha malori, na huko akashikwa na ugonjwa wa kupenda habari za wasafiri wa kwanza wa Kizungu waliofika nchi ile. Akagundua kwamba baadhi yao walikuwa Waswidi. Yuko aliyekwenda na nahodha Mwingereza kukusanya majani na maua, yuko daktari aliyezunguka bahari za kusini, na wengine. Aliporudi Stockholm alianza kutafuta kila mahali walipoacha alama hapa mjini: nyumba walizokaa, jumba lenye mimea waliyoikausha, makaburi walikozikwa. Na kila mahali akaficha kibati, kijikopo kidogo chenye kifuniko.

Huo ni mchezo, kaka, na una wachezaji dunia nzima. Unaitwa geocaching. Mtu anaficha kibati, anaandika kwenye mtandao vipimo vya mahali pale, na wengine wanakitafuta kwa kifaa cha GPS kinachowaongoza kama dira. Ukikipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo ndani, halafu unakirudisha palepale. Basi. Hakuna damu wala mfupa. Wewe uliyetukaririsha majina ya wavumbuzi wa Kizungu mpaka tukayaota, ukituchapa fimbo tukikosea hata herufi, ndiye ungekuwa wa kwanza kuuelewa mchezo huu.

Lennart hawezi tena kwenda kukagua vibati vyake. Siku moja nilikuwa namkata kucha, akaniuliza:

"Wakesho, una miguu mizuri. Siku za mapumziko unaitumia kufanya nini?"

"Nalala," nikamwambia.

"Basi miguu imepata mtu asiyestahili."

Nilikasirika. Lakini Jumanne iliyofuata nilichukua kifaa chake nikapanda treni. Mwaka wa kumi na moja huu niko hapa, na njia nilizozijua zilikuwa tatu: ya kazini, ya dukani, na ya kanisani Rinkeby. Mtu wa hapa anaweza kukaa nawe kiti kimoja kwenye treni mwaka mzima asikusalimie. Kibati cha kwanza kilinichukua saa mbili. Kilikuwa nyuma ya bomba la maji ya mvua, na nilipokigusa nilipiga ukelele mpaka mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akasimama kunitazama. Ndani mlikuwa na majina ya watu kutoka kila pembe, wote waliochuchumaa pale nilipochuchumaa mimi. Nikaandika langu. Unajua mara ya mwisho kuandika jina langu mahali ambapo si fomu ya ofisi ilikuwa lini? Mimi sikumbuki.

Nikarudi nikamwambia Lennart karatasi haijalowa. Yule mzee alifurahi kama aliyeletewa habari za mjukuu. Tangu hapo, kila Jumanne nilitoka.

Kibati cha sita ndicho kilichoniletea balaa. Hakiko kaburini. Kimo ndani ya ukuta wa mawe unaozunguka makaburi, chini ya jiwe moja lililolegea, na ilikuwa saa sita mchana, theluji inayeyuka, watu wanapita na mbwa wao. Mama Tito alikuwa anatoka kwenye kazi yake ya usafi karibu na hapo. Aliniona, akanitambua, na hakuniita. Ananijua miaka yote hiyo, amekula kwangu, nimemshikia mwanawe akibatizwa. Alinipiga picha nimempa mgongo, akaenda zake.

Nilipopata habari kutoka kwa Mkawasi, nilikwenda kukichukua kibati chenyewe nikaenda nacho kanisani. Baada ya ibada, watu wakinywa chai, nikakiweka mezani mbele yake.

"Mama Tito, hiki ndicho nilichofukua. Fungua."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Sigusi mimi! Shindwa!"

"Picha uliigusa. Gusa na kibati."

Mume wake ndiye aliyesogea akakifungua. Akatoa penseli fupi, karatasi iliyojaa majina, na kangaruu mdogo wa plastiki. Akamsimamisha yule kangaruu kwenye sahani ya mandazi, akacheka, na watu wote wakacheka. Mama Tito peke yake hakucheka.

"Hata hivyo," akasema, "mtu mzima, tena mwanamke, anaenda kutafuta nini makaburini?"

"Nilikuwa natafuta kitu cha kufanya badala ya kusengenya watu," nikamjibu, nikachukua koti langu. Hajaniomba radhi mpaka leo. Kama alikupigia kukueleza habari za kangaruu, wewe hukuita kikao cha pili.

Nilipomsimulia Lennart nilidhani atacheka naye. Hakucheka.

"Yuko mmoja katika hao wasafiri ambaye nilikataa kumwekea kibati," akaniambia. "Huyo alichimba kweli. Alichimba makaburi ya wenyeji kule Australia, akaileta mifupa yao hapa Stockholm kwenye masanduku. Ilikaa hapa miaka na miaka. Juzijuzi tu ndipo wenyewe waliporudishiwa."

"Aliporudi kwao walimfanya nini?" nikamuuliza.

"Walimwita mtaalamu."

Umesikia, kaka? Mchimba makaburi alipokewa kwao kwa heshima. Mimi niliyeandika jina kwenye karatasi, kwetu nimewashiwa moto.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Alhamisi Mama alinipigia. Alishuka mwenyewe, na magoti yale, mpaka kwa jirani akaomba simu. Usijaribu kumuuliza ni jirani gani.

"Wakesho, niambie kwa mdomo wako. Ulikuwa unatafuta nini pale?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza bila kunikata. Kisha akauliza:

"Na ukishakipata?"

"Naandika jina langu, Mama, nakirudisha."

Nikamsikia akimwomba jirani dakika moja zaidi.

"Basi andika na langu," akasema.

Kaka, nililia kwenye korido ya kazini mpaka mwenzangu akaja kunishika mabega. Kesho yake nilibadilishana zamu, nikakirudisha kibati ukutani. Kwanza nilikifungua, nikaandika chini ya jina langu, kwa herufi kubwa: MKAMBURI, WUNDANYI, KENYA. Wale waliopita na mbwa wao walinitazama. Niliwaacha wanitazame.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Msalimie wifi yangu, ninayejua hakuulizwa. Msalimie shangazi, ambaye nasikia alisimama akatoka kikaoni kabla picha haijamfikia. Mjomba aliyekushikia kiberiti msalimie pia, lakini kwa mbali. Mkawasi mwambie nguo ya harusi yake nimeipata.

Wewe sikutumii salamu. Nakuarifu tu kwamba harusini nakuja, nitakaa mbele, ubavuni mwa Mama. Kama kiti hicho ulikuwa umejiwekea, tafuta kingine.

Ni mimi, binti wa Mkamburi,
Wakesho