Paka Juu ya Mashine ya Kusaga

Shoga, meneja kaniuza! Kaniuza mbele ya mkaguzi wa Benki Kuu!

Mkaguzi kapanga mafaili matatu ya mikopo mezani. Wakopaji watatu, kila mmoja kaweka dhamana mashine ya kusaga. Picha ni moja! Mashine ileile, paka yuleyule kalala juu yake.

"Nani alienda kuikagua?"

Meneja hata hakupepesa macho. "Afisa mikopo huyu. Sahihi ni zake."

Sahihi zangu! Na ni yeye aliyenizuia nisiende!

Mshenzi kasahau alinitumia sauti humuhumu WhatsApp: "Wewe saini tu, hao ni shemeji zangu."

Nikaweka simu mezani, nikaifungulia ile sauti.

Mkaguzi kasikiliza, kaomba irudiwe, kisha kaandika majina mawili.

La pili ni langu.