Perege katika Birika la Bibi

Jumamosi, 13 Februari 1954

Bismillahi. Naanza leo, na naapa kuandika yote, ya kunipendeza na ya kunitia aibu. Nimekabidhiwa roho ya kutunza, na sitaki baadaye nijidanganye kwamba nilijua kila kitu tangu mwanzo.

Ilikuwa zamu yetu kusafisha bwawa la shule. Bwawa lile tulilichimba wenyewe mwaka jana, sisi wasichana peke yetu, na Bwana Samaki, afisa wa serikali wa mambo ya samaki, akaleta perege wadogo ndani ya madebe. Leo tulikuwa tunang'oa majani ukingoni. Dija akashusha jembe majini – pa! – na maji yakawa mekundu. Perege mkubwa kuliko wote! Ubavu umechanika, magamba yametoka upana wa vidole vitatu.

Dija wala hakusikitika. Akasema huyo tayari, bado tui la nazi tu, leo jioni ni samaki wa kupaka. Wote wakacheka. Mimi nikamzoa samaki kwa kanga yangu ya kazi, nikalowa mpaka kifuani.

Mwalimu Tabia akasema kanuni ya bwawa tunaijua: samaki aliyeumia huenda jikoni, asije akafa akaharibu maji. Sijui ulimi niliutoa wapi. Nikasema, "Mwalimu, naomba nimuuguze mimi."

Akaniuliza kama nimewahi kuuguza samaki. Nikajibu sijawahi, lakini nimewahi kumuuguza Bibi. Mwalimu akageuza uso – nadhani alicheka. Kisha akanipa muda mpaka Ijumaa ya tarehe 26, siku Bwana Samaki atakapokuja kukagua. Akipona, nitamrudisha bwawani kwa mikono yangu mbele ya darasa zima. Asipopona, jikoni, na bila machozi.

Bibi alipoona ndoo: "Mwaija, bahari imekauka?"

"Haijakauka, Bibi."

"Basi tangu lini watu wa pwani tukafuga samaki wa tope?"

Lakini alipoliona jeraha akakaa kitako kulitazama. Akasema zamani birika la nyumba hii halikukosa samaki, wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtie humo, kuna kivuli. Birika letu liko uani, la mawe na chokaa, ndilo tunalotawadhia. Nimelifunika kwa ungo kwa ajili ya paka.

Jumapili, 14 Februari

Aibu. Niliapa kuandika, naandika.

Nilipokatwa na kisu mwaka juzi Bibi alinipaka manjano na chumvi, nikapona. Basi asubuhi nikatwanga manjano, mengi, nikampaka perege ubavu mzima, nikamrudisha birikani. Nikaenda chuoni kusoma Kurani. Nilijiona daktari.

Nikarudi wakati wa adhuhuri. Bibi amesimama uani, mikono ya gauni ameikunja, kata mkononi.

"Nani kapika mchuzi birikani mwangu?"

Maji yote yamekuwa ya njano! Bibi hasemi kwa ukali, ndiyo mbaya zaidi. Akasema maji yakibadilika rangi kwa kitu kilichotiwa hayafai udhu, na mimi chuo nimesoma najua. Kweli najua. Sharti hilo nililisoma kwa sauti, mbele ya wenzangu, na mwalimu wa chuo akanisifu. Lakini mkono ulipokuwa unapaka, kichwa hakikukumbuka kitabu.

Bibi akaenda kutawadhia kwa jirani, Mama Sikuzani, na sasa mtaa mzima unajua. Mimi nikamtia perege kwenye karai, nikalikausha birika, nikalisugua, nikateka tena maji ya kisima mpaka likajaa. Viganja vinaniuma hata kushika kalamu.

Amri mpya ya Bibi: dawa atapakwa nje ya maji, kidogo tu, kwenye kitambaa kibichi, na nisome Kulhuwallah mara tatu ili dawa ikamate, kisha nimsuuze ndani ya karai ndipo aingie birikani.

Jumatatu, 15 Februari

Amepakwa. Hakufurukuta. Nadhani ananijua mkono.

Hali chakula. Nimempa pumba, nimempa mchwa – wapi.

Jumatano, 17 Februari

Jeraha halinuki. Pembeni pameanza utando mweupe, laini. Mwalimu Tabia anasema huo si ugonjwa, ni ngozi mpya. Ngozi mpya! Nimeitia mimi.

Lakini bado hali. Na mashavu yamevimba, chini ya kidevu pamejaa. Dija alikuja kuchungulia, akasema ana matubwitubwi, nimfunge kitambaa kichwani nimpeleke hospitali akapange foleni. Nikamwambia jembe lilikuwa la nani? Halafu akaniuliza polepole, atakufa? Nikamwambia sijui.

Jana nilimuuliza Mwalimu kuhusu mashavu. Akasema kweli hajui. Yeye kwao Fukayosi, bara, na samaki aliowajua utotoni walifika wakiwa wamekwisha kukaushwa. Nilipenda alivyosema "sijui" bila kuona haya. Akaniambia niendelee kutazama, kwa kuwa mwenye samaki ni mimi.

Ijumaa, 19 Februari

Jeraha limefunga!! Hali chakula.

Jumapili, 21 Februari

Leo nilikaribia kumuua kwa huruma.

Bibi alisema mtoto mchanga akikataa uji hunyweshwa kwa kiganja, apende asipende, na sisi sote tumelelewa hivyo, mbona tumekua. Kwa hiyo nikapika uji mwepesi wa muhogo, nikaupoza. Bibi akamshika perege ndani ya kitambaa kibichi. Mimi nikachukua unyoya wa kuku nimfungulie mdomo.

Aliubana! Samaki wengine ukiwatoa majini huachama. Huyu aliubana mdomo kama Bibi anapokataa dawa ya hospitali. Nikaingiza ncha ya unyoya pembeni, mdomo ukaachia kidogo tu, na ndani nikaona punje. Za manjano, zimejaa, zimebanana. Nikadhani ni manjano yangu yamemganda kooni.

Nikataka kuzikwangua. Wallahi unyoya ulikuwa umekwisha kuingia. Ndipo nikaona kila punje ina vidoa viwili vyeusi. Manjano hayana macho.

"Mwache Bibi! Mrudishe! Mrudishe!"

Bibi akamrudisha, uji ukamwagika miguuni. Nikamwambia mdomo wake umejaa mayai. Bibi akasema amekula mayai ya nani? Nikasema ni yake. Ameyashika. Ndiyo maana hali – akila atayameza. Tangu siku ya jembe ameyashika, na jeraha lile lote, na manjano yangu, na karai, hajaachia.

Bibi akasema yeye kazaa saba na alidhani amefanya kazi.

Jumatatu, 22 Februari

Mwalimu Tabia alinisimamisha mbele ya darasa nieleze nilichokiona. Nilieleza taratibu, kwa maneno niliyoyapanga njiani. Msichana mmoja alisema haiwezekani, hakuna mama anayefunga wanawe mdomoni. Mwalimu akamuuliza, wewe umetazama? Hakuwa ametazama. Mimi nimetazama!

Nimeondoa ungo mchana. Namfukuza paka kwa macho.

Alhamisi, 25 Februari

WAMETOKA.

Nilikuwa nachota maji ya kuoshea vyombo. Nikaona kama vumbi linaelea karibu na kichwa cha mama. Nikainama. Vumbi lina mikia. Kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, na macho makubwa kuliko mwili. Nikamwita Bibi kwa sauti ambayo msichana aliyefundwa haitoi.

Bibi akainama, kivuli chake kikaangukia maji – na wote, wote! wakakimbilia kwa mama yao, akafungua mdomo, wakaingia. Maji matupu. Tukabaki tunatazamana kama watu walioibiwa mchana kweupe.

Tulijitenga tukangoja. Akawatema taratibu, mmoja mmoja, kama anayetoa shanga.

Bibi amekataza mtu yeyote kuchota kwenye birika. Yeye mwenyewe anatawadha kwa mtungi, na amewapokea wanawake watatu waliokuja kutazama, akiwaeleza kila kitu kana kwamba unyoya alishika yeye. Nilimwacha. Jeraha la mama sasa ni mstari tu, kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi.

Kesho ni Ijumaa. Kesho nitampeleka, na ubavu wake mzima, na watoto wake juu.

Ijumaa, 26 Februari

Naandika haraka, nimeegemea ukingo wa birika. Dija, aliyekuja tufuatane shuleni, anasubiri mlangoni, anarukaruka.

Asubuhi nilikuwa nimekwisha kuvaa, ndoo safi iko tayari, mlango ukabishwa. Hodi. Ni Bwana Afya, Bwana Majaliwa, anayekagua maji ya nyumba kwa ajili ya mbu. Bibi akamkaribisha, akaitikia shikamoo yake, akampa kigoda. Lakini yeye huwa haketi. Akaenda moja kwa moja birikani na kata yake nyeupe.

Akachota. Akatikisa kichwa. "Mama, umejaza viluwiluwi humu. Limwagwe hili."

Nikasema, "Shikamoo Bwana. Hao si viluwiluwi. Ni watoto wa samaki."

"Marahaba. Binti, kazi hii nimeanza hujazaliwa."

"Naomba usogeze mkono wako juu ya maji, Bwana."

Alinitazama hivi, kama anayetafuta mzaha. Hakuuona. Akasogeza mkono, kivuli kikapita, watoto wakaingia mdomoni. Bwana Majaliwa aliruka nyuma! Akarudia. Alingoja wakatoka, akarudia tena, kisha akavua kofia akaiweka kwenye kigoda alichokikataa.

Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema sikufundishwa, nimetazama. Sikujua kwamba maneno mafupi hivyo yanaweza kumfanya mtu asimame wima.

Bibi akasema, "Ni mjukuu wangu huyo," kana kwamba hajui tunaishi nyumba moja.

Basi nilidhani tumeokoka. Lakini Bwana Majaliwa ni mtu wa haki. Akachota tena, pembeni kabisa, akanionyesha. Hivi vilikuwa viluwiluwi kweli, vinajinyonga vichwa chini. Sikuweza kubisha, hata mimi niliviona. Akasema samaki wa birika huruhusiwa kwa sababu hula hivi, lakini wako huyu hali. Nami najua kwa nini hali! Akasema kwa upole kwamba amri ni ile ile kwa kila nyumba: birika limwagwe leo. Anamalizia nyumba za upande wa pili, akirudi alikute kavu.

Kwa hiyo ni lazima nimtoe sasa hivi. Na nimesimama na kitambaa kibichi mkononi nimeshindwa. Kila siku nimemshika bila woga, lakini siku zile mdomo aliufunga mwenyewe. Sasa watoto wako nje. Nikingoja waingie kisha nimnyanyue, naogopa kishindo kitamfanya awameze, baada ya yote haya. Nikimnyanyua wakiwa nje, nani atawaokota, wadogo hivi, na nani atawalea? Bibi anasema yeye hajui. Bwana Majaliwa hajui. Mwalimu Tabia atasema hajui, na mimi nitampenda kwa hilo, lakini halitanisaidia.

Bwana Samaki yuko shuleni wakati huu, amesimama kwenye bwawa letu. Nimemwandikia kwa mwandiko wangu mzuri, sijamwandikia mtu mkubwa maishani mwangu, na Dija atakimbia nacho kikaratasi. Amevua viatu. Anasema leo miguu yake ndiyo italipa lile jembe.

Nimeandika hivi, nanakili hapa nisije nikasahau:

Bwana, mimi ni Mwaija, ninayemuuguza perege wa shule. Amepona. Ana watoto wanaojificha mdomoni mwake. Nikimtoa majini akiwa nao, atawashika, atawatema, au atawameza? Tafadhali nijibu kwa huyu huyu aliyekuletea, maana nimesimama na perege hapa, na mikono yangu imo majini.